Kufunga feni ya umeme ya rejeta kwenye Land Rover Defender: kava, waya na swichi ya joto

Feni ya rejeta kwenye Land Rover Defender ya injini ya 300Tdi huzungushwa na injini yenyewe, kupitia puli na klachi ya feni ambayo ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi ndogo iliyo usoni mwa klachi hufungua njia ya mafuta hayo, klachi ikashika, na feni ikazunguka kwa kasi inayokaribia ile ya puli. Ni mtambo mzuri usiohitaji waya hata mmoja, na mwenye gari lisilovuka maji wala kupata joto hana sababu ya kuugusa. Wanaouondoa kwa haki ni wa aina mbili: wale ambao klachi yao imekufa, na wale wanaovuka mito na makorongo mara kwa mara.

Mimi nilikuwa wa aina ya kwanza. Klachi yangu ilikata kushika katikati ya Engaruka na Engaresero, kwenye njia ya kwenda Ziwa Natron, na nilisimama mara nne juani kusubiri geji ishuke kabla sijafika. Nilipofungua boneti na injini ikiwa imezimwa, ningeweza kuizungusha feni kwa kidole kimoja kama pangaboi la karatasi, wakati klachi nzima iliyo ya moto inapaswa kuukataa mkono.

Kwa upande wa maji, kiwango ambacho kiwanda kiliiruhusu Defender ya zamani kuvuka ni kina cha milimita 500, na feni inayozungushwa na injini hufikiwa na maji karibu na kina hicho hicho, hasa gari likisukuma wimbi mbele yake. Mapanga ya plastiki yakikutana na maji kwa kasi hujipinda kuelekea mbele, na mbele yake pana rejeta. Hata yasipoigusa, hurusha maji kwenye injini nzima. Feni ya umeme unaweza kuizima kwa kidole kabla ya kuingia mtoni, na faida hiyo peke yake inatosha kwa watu wengi.

Hata hivyo, feni ya umeme si dawa ya rejeta iliyoziba. Feni ya injini iliyo nzima, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, huvuta hewa nyingi kuliko feni nyingi za umeme zinazouzwa madukani, kwa hiyo gari linalochemka likiwa na klachi nzima litachemka vilevile, pengine mapema zaidi, baada ya kubadilishwa. Anza na rejeta. Kwenye mbuga zenye nyasi ndefu, mbegu za nyasi huingia kwenye mapezi, yale mabati membamba ya kupozea yaliyo kati ya mirija ya rejeta, na kutengeneza zulia ambalo halionekani vizuri kwa mbele. Zioshe kwa maji ya shinikizo dogo kutoka nyuma kwenda mbele, yaani kinyume cha njia zilizoingilia, kwa sababu maji ya shinikizo kubwa hulaza mapezi na kuyafunga kabisa. Angalia pia kifuniko cha shinikizo na themostati, yaani valvu inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yaende kwenye rejeta. Hayo yakiwa mazima ndipo ununue feni.

Kuchagua feni

Feni ya kuvuta, inayokaa nyuma ya rejeta upande wa injini, ni bora kuliko ya kusukuma inayokaa mbele, kwa kuwa ile ya mbele huziba sehemu ya hewa ambayo gari likitembea lingeipata bure. Usikubali kuambiwa kwamba feni ya kuvuta hugeuzwa kuwa ya kusukuma kwa kubadilishana nyaya tu. Ukibadilisha nyaya, mota hugeuka na hewa nayo hubadili upande, lakini mapanga yaliyopinda kwa ajili ya mwelekeo mmoja hufanya kazi ovyo katika mwelekeo wa pili.

Wengi wetu hununua feni ya mtumba iliyotolewa kwenye gari dogo, na Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi au Kisekka mjini Kampala zipo za kila kipimo. Sioni ubaya wowote katika hilo. Kwa kweli, feni ya mtumba iliyokuja na kava lake mara nyingi huishinda mpya ya bei rahisi iliyo na bangili nyembamba tu. Ishike panga na uitikise: ikicheza kwa pembeni, bushi zake zimelika. Kisha iunge kwenye betri iliyojaa na usikilize. Mkwaruzo unaopotea kasi ikipanda haupaswi kupuuzwa, maana huo ndio utakaorudi ukiwa mbali na nyumbani.

Pima pia ampea zake kwa mita ya kubana waya inayosoma umeme wa betri. Multimita ya kawaida ina kikomo cha ampea 10, nayo feni ya inchi 16 hula kati ya ampea 15 na 25 ikishachanganya, na zaidi ya hapo maradufu katika nusu sekunde ya kuanza, kwa hiyo utaunguza fyuzi ya mita bila kujua lolote. Namba hiyo ya ampea iandike, kwa sababu waya, fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa) vyote vinachaguliwa kwayo. Kama gari lako ni Land Cruiser ya zamani badala ya Land Rover, hakikisha kwanza kama umeme wake ni wa volti 12 au 24, kwani zipo za aina zote mbili na feni ya volti 12 ikiungwa kwenye 24 haidumu.

Kuondoa ya zamani na kufunga mpya

Tenganisha nyaya za betri, ukianza na hasi. Kwenye Defender betri iko chini ya kiti cha mbele, jambo ambalo litakuwa na maana kubwa tutakapofika kwenye nyaya. Fungua kava la plastiki linaloizunguka feni, kisha nati kubwa inayoshikilia klachi kwenye puli. Kwenye baadhi ya injini za Land Rover nati hiyo ina meno ya kinyume, hivyo jaribu mwelekeo kwa uangalifu kabla ya kuongeza urefu wa spana, na uizuie puli isizunguke. Puli yenyewe inabaki, kwa sababu mkanda unaendelea kuipitia. Klachi nzima isimamishe wima unapoihifadhi, kama inavyokaa kwenye gari. Ikilazwa kifudifudi mafuta yake yanaweza kuvuja.

Sasa pima nafasi. Kati ya mota ya feni na kitu chochote cha injini kilicho karibu nayo zaidi, acha angalau sentimita 2. Kwenye meza nafasi hiyo huonekana kubwa kupita kiasi, lakini injini hukaa juu ya mipira, na gari likianguka kwenye shimo au likipanda mawe kwa gia nzito injini husogea kuliko unavyodhani.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni kava. Chukua rejeta yenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 45: eneo lake ni sentimita za mraba 2,700. Feni ya inchi 16, yaani kipenyo cha sentimita 40 hivi, ina duara la sentimita za mraba 1,257 tu. Ukiibandika feni hiyo moja kwa moja kwenye rejeta bila kava, gari likiwa limesimama zaidi ya nusu ya rejeta haipati hewa, na maji ya moto yanapita humo bila kupozwa. Kava la bati la alumini la milimita 1.5, lililokunjwa ili liiache feni umbali wa sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mapezi, huifanya feni ivute kupitia rejeta nzima. Kingo zake zibandike sponji ngumu au mpira wa mlango, maana hewa hupenda njia rahisi, na upenyo mdogo kando ya kava utaiba kazi yote. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa na zaidi upepo wa mwendo unatosha wenyewe, na kava kubwa lililofungwa kabisa huuzuia kwa kiasi fulani. Ndiyo maana makava mengine ya kiwandani yana vilango vya mpira vinavyofunguka kwa upepo na kujifunga feni ikivuta. Vilango viwili vya namna hiyo, vilivyokatwa kwenye mpira wa tairi la ndani na kuning'inizwa kwa ukingo wa juu, si kazi ya zaidi ya saa moja.

Kava lifungwe kwenye fremu ya rejeta kwa bolti za M6 zenye washa za mpira. Vile vibanio vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi, ambavyo huuzwa pamoja na feni nyingi, vitupe. Mtetemo wa barabara ya makunyanzi huvifanya visugue mirija ya maji kama msumeno mdogo. Nimewahi kuona rejeta iliyotobolewa mahali pane, pembe kwa pembe, mahali hasa vibanio vilipopita.

Nyaya

Hapa ndipo feni nyingi za umeme zinapoharibikia. Feni yenyewe huwa nzima; kinachoua kazi ni waya mwembamba na athi mbovu, yaani njia ya kurudisha hasi kupitia chuma cha gari.

Hesabu yake ni fupi. Upinzani wa shaba ni takriban omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita ya mraba 1. Kutoka betri iliyo chini ya kiti hadi kwenye feni, ukifuata fremu na kupanda kwenye bonde la injini, ni kama mita 4. Waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ndio fundi mwenye haraka huuchomoa kwenye boksi, utakuwa na upinzani wa omu 0.047, na kwa ampea 20 utapoteza volti 0.93. Ukirudisha hasi hadi kwenye betri kwa waya kama huo, umepoteza karibu volti 1.9, na katika kila upande wati 19 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Feni iliyopaswa kupata volti 13.8 inapata chini ya 12, nayo inazunguka kivivu wakati ambapo unaihitaji zaidi. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza volti 0.23 kwa safari hiyo hiyo. Tumia 6. Anayetaka kufupisha njia anaweza kuchukua chanya kwenye bolti kubwa ya stata, ambako waya mnene wa betri tayari umefika, mradi aupitishe mbali na ekzosi.

Fyuzi ikae mwanzoni mwa waya, ndani ya sentimita 20 kutoka mahali ulipochukua umeme, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya, na sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Kwa feni ya ampea 20 weka fyuzi ya 30 kwenye kishikio cha kauri au cha plastiki nene. Vile vishikio vyembamba vya redio huyeyuka.

Rilei iwe ya ampea 40, yenye miguu iliyoandikwa namba 30, 85, 86 na 87. Mguu wa 30 unapokea chanya nene kutoka kwenye fyuzi, na wa 87 unaipelekea feni. Hasi ya feni iende kwenye bolti ya bodi au ya injini ambayo umeikwangua rangi hadi chuma king'ae, kisha ukaipaka grisi baada ya kukaza. Bodi ya Defender ni ya alumini na fremu yake ni ya chuma, na mahali metali hizo mbili zinapokutana pana kutu isiyokwisha, hivyo athi ya feni isitegemee bolti ya bodi iliyo mbali. Mimi huirudisha kwenye blok ya injini kwa waya wa 6.

Miguu miwili iliyobaki ndiyo inayoamrisha, nayo hutumia umeme usiofika hata robo ya ampea, kwa hiyo waya wa milimita ya mraba 1 unatosha. Wa 86 upate chanya inayowaka tu swichi ya gari ikiwa imefunguliwa, kupitia fyuzi ya ampea 5, ili feni isiimalize betri usiku. Wa 85 upelekwe kwenye dashibodi, kwenye mguu wa kati wa swichi ya hatua tatu. Upande mmoja wa swichi hiyo unakwenda kwenye swichi ya joto ya rejeta, ambayo ikipata moto huunganisha athi. Upande wa pili unakwenda moja kwa moja kwenye athi. Na katikati hakuna kitu. Matokeo yake ni kwamba hatua moja ni ya kujiendesha, ya pili ni ya kulazimisha feni iwake, na ya kati ni ya kuvukia maji. Rilei yako ikiwa na daiodi ndani, yaani kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 86 lazima iwe chanya na 85 hasi, vinginevyo utaunguza fyuzi ya 5 papo hapo.

Ongeza taa ndogo kwenye dashibodi kutoka mguu wa 87, yenye fyuzi yake ya ampea 3. Taa hiyo husema kwamba umeme umepita kwenye rilei. Haisemi kwamba feni inazunguka, na dereva anapaswa kuijua tofauti hiyo. Gari likiwa na kiyoyozi, waya wa kompresa uamrishe rilei ndogo ya pili inayoipa 85 athi, maana kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya rejeta ya maji, inahitaji hewa kila kompresa inapofanya kazi. Kwa mpango huo kiyoyozi huiwasha feni hata swichi ikiwa kwenye hatua ya kati, basi kizime kabla ya kuingia majini.

Rilei ikae juu, kwenye ukuta wa nyuma wa bonde la injini, miguu ikitazama chini ili maji yasikae humo. Viunganishi vibanwe kwa koleo lake halisi badala ya kuchomelewa risasi, kwa sababu risasi huufanya waya kuwa mgumu mahali inapoishia na mtetemo huukata hapo hapo. Viveshwe mpira unaosinyaa kwa moto, nyaya ziingie kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo, na kila tundu la bati zinalopitia liwe na mpira wake.

Swichi ya joto

Swichi ya joto ina namba mbili: joto la kuwasha na joto la kuzima. Inayopatikana kwa urahisi huwasha kwenye nyuzi 92 na kuzima kwenye 87. Themostati ya 300Tdi hufunguka kwenye nyuzi 88. Ukiiweka swichi hiyo kwenye hozi ya juu, ambako maji hutoka kwenye injini, maji hayo mara chache yatashuka chini ya 87, kwa kuwa themostati yenyewe inayashikilia hapo, na feni itazunguka kutwa nzima. Basi kwenye hozi ya juu tumia swichi inayowasha karibu na 95 na kuzima karibu na 90. Ile ya 92 na 87 hufaa zaidi upande wa chini, maji yanapotoka kwenye rejeta, ingawa huko huchelewa kidogo. Kwa gari linalopanda milima polepole na mzigo, wengine huteremka hadi ya 87 na 82 upande huo, nami nakubaliana nao.

Swichi nyingi hufungwa kwenye kipande cha alumini kinachokatiza hozi. Kipande hicho kimeshikwa na mpira pande zote mbili, kwa hiyo hakina athi yoyote. Swichi ya waya mmoja ikiwekwa humo bila waya wa athi uliofungwa kwenye kipande chenyewe haitawasha feni kamwe, hata maji yachemke, na fundi atabadilisha rilei tatu kabla ya kulitambua hilo.

Kuijaribu

Jaza maji na kulanti, ukitoa hewa kupitia vizibo vya juu ya rejeta na ya nyumba ya themostati. Vizibo hivyo vikiwa vya plastiki ya zamani, vikaze kwa huruma. Unga betri, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, na uweke hatua ya kulazimisha. Chukua karatasi ya daftari uisogeze mbele ya grili: inapaswa kunyonywa na kushikamana nayo. Ikisukumwa mbali, feni inazunguka kinyume, na utabadilishana nyaya zake mbili.

Kisha washa injini na upime volti kwenye miguu ya feni yenyewe ikiwa inazunguka. Tofauti kati ya hapo na betri isizidi nusu volti. Washa taa zote na kila kinachotumia umeme, uangalie betri tena: ikishuka chini ya volti 13, alternata haitoshi, na hilo si ajabu kwenye gari la zamani ambalo taa kubwa pekee zinakula ampea 10 na feni sasa imeongeza 20. Mwisho, iache injini ikinguruma bila kutembea, swichi ikiwa kwenye kujiendesha, na usiondoke hapo hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara tatu, huku ukipapasa waya, kishikio cha fyuzi na rilei. Uvuguvugu unakubalika, kitu kinachouchoma mkono kina kiunganishi kibovu ndani yake, na kisiposhughulikiwa siku hiyo kitayeyuka njiani.

Baada ya kilomita 500 za barabara mbaya, kaza upya bolti za kava na athi ya feni. Klachi na feni ya zamani, kama bado ni nzima, isafiri nawe nyuma ya kiti pamoja na spana yake, kwa kuwa mota ya umeme ikifa Engaresero hakuna duka la karibu, na kuirudisha feni ya injini baada ya kulitoa kava ni kazi ya saa mbili.